Richard Martin: Bwana Aliyemleta Punda Mahakamani

Atokaye Nairobi akaishika njia ya Thika hupita Ruiru, kisha Juja, na tangu mwaka 2012 njia hiyo imekuwa pana mno, safu nane za magari. Juu ya lami hiyo mwenyewe ni basi na lori. Lakini msafiri akichepuka kidogo tu, akaingia ndani ya mitaa ya Ruiru au pembezoni mwa mji wa Thika, mahali ambapo nyumba za ghorofa zimeota upesi kuliko mabomba ya maji, atakutana na chombo cha zamani kuliko vyote hivyo: mkokoteni wa punda. Umepakiwa madumu ya maji, au mawe ya kujengea, au mchanga, au majani ya ng'ombe. Mbele wako punda wawili, pengine mmoja peke yake, na juu ya mzigo ameketi kijana mwenye fimbo, ambaye naye hana riziki nyingine.

Sisi watu wa pwani si wa kuelezwa punda ni nani. Lamu haina lori la kupita katika vichochoro vyake. Lori lake ni punda kihongwe, na tangu mwaka 1987 punda wa Lamu wana hospitali yao wenyewe, jambo ambalo wageni hulicheka mpaka waione. Lakini punda wa Lamu na punda wa Thika hawana taabu moja. Wa Lamu hubeba mgongoni, na mwenye macho huuona mzigo na huliona donda. Wa Thika huvuta, na mzigo uvutwao haumkai mgongoni, hivyo ni rahisi bwana wake kusahau uzito wake. Donda lake huwa shingoni na kifuani, pale kamba au kipande cha mpira wa gari kinaposugua kutwa, na kesho kikasugua papo hapo.

Sasa swali. Mtu akimtwika mnyama huyu kupita nguvu zake, akampiga hata akaanguka, au akamwacha mgonjwa kando ya njia bila majani wala maji kwa kuwa hana faida tena, je, ana kesi ya kujibu? Nani amshitaki, na mbele ya nani? Mshitaki wa kweli hana ulimi. Wengi watajibu kwamba hilo ni jambo baina ya mtu na Mola wake. Ni kweli, lakini si hilo tu. Sheria ya Kenya ina jibu lake, na jibu hilo lina ukoo, na babu wa ukoo huo ni bwana mmoja wa Ayalandi, mtu wa bastola na madeni na kicheko, jina lake Richard Martin.

Alizaliwa mwaka 1754 katika watu wa Galway, magharibi ya Ayalandi, nchi ya mawe na mvua inayotazama Bahari ya Atlantiki. Wazee wake walikuwa Wakatoliki, na wakati ule Mkatoliki katika Ayalandi iliyotawaliwa na Waingereza hakuwa na ruhusa ya kuingia bungeni. Baba yake akapiga hesabu zake, akamlea mwanawe katika madhehebu ya Kiprotestanti ili mlango ule usimfungie. Mtoto hakusahau bei iliyolipwa. Maisha yake yote bungeni alisimama upande wa Wakatoliki kudai haki zao.

Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka tisa. Akapelekwa Uingereza, kwenye shule ya Harrow, na huko alikuwako mwalimu, Samuel Parr, aliyechukia kuona mnyama akiteswa na aliyekuwa haoni haya kuwaambia wanafunzi wake hivyo. Kisha akaenda Cambridge, akatoka bila shahada, akasafiri Ulaya, Amerika na Jamaika, akarudi akasomea sheria. Mwaka 1781 aliruhusiwa kuwa wakili katika Ayalandi. Huyu basi hakuwa mtu wa huruma tupu. Alijua kesi hushindwa kwa nini na hushindwa wapi, na ujuzi huo ndio uliokuja kumfaa punda.

Ardhi aliyorithi ilikuwa kubwa mno. Mashamba na milima ya Ballynahinch, katika jimbo la Connemara, yalikadiriwa kufika ekari laki mbili. Lakini ekari za mawe na kinamasi hazitoi dhahabu. Martin alikuwa tajiri wa nchi na maskini wa fedha, na mkono wake ulikuwa wazi kwa kila aombaye. Madeni yalimfuata toka ujanani hata kaburini.

Katika siku hizo mabwana wa Ayalandi walikatiana maneno kwa bastola. Mtu akitukanwa, humwita mwenziwe uwanjani, wakapimiana hatua, wakafyatuliana risasi, na aliyebaki amesimama ndiye mwenye heshima. Desturi ya kipuuzi, na Martin aliifuata kuliko wengi, hata akapewa jina la utani la mtu ambaye kidole chake hakikai mbali na kifyatulio. Katika mapigano hayo alimwua binamu yake, James Jordan, na majuto ya damu ile hayakumtoka.

Pigano moja lapaswa kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake imo mbegu ya mengine yote. Alikuwako bwana mmoja, George Robert FitzGerald, mtu jeuri aliyeogopwa na wilaya nzima. Siku moja alikwenda kwenye jumba la Lord Altamont huko Westport na kumwua kwa risasi mbwa mkubwa wa nyumba ile, mbwa aliyependwa na kila mtu, bila kosa lolote. Hapakuwa na sheria ya kumshika. Mbwa alikuwa mali tu, kama kiti au chungu, na mwenye nguvu akivunja chungu cha jirani humlipa au humcheka. Martin akaona kwamba lililofanyika ni dhulma, na kwa kuwa dhulma hiyo haikuwa na mahakama, akaipeleka kwenye mahakama pekee aliyoijua, yaani bastola. Wakapigana katika mji wa Castlebar. Wote wawili walipatwa na risasi na wote wawili walipona, na yasemekana FitzGerald alikuwa amejivika kinga chini ya koti. Mwaka 1786 bwana huyo alinyongwa kwa kosa la mauaji, la mtu safari hii.

Sijui kama twaweza kumsifu mtu kwa kutaka kuua kwa ajili ya mbwa. Lakini tuangalie umbali alioutembea. Kijana yule aliyetafuta haki kwa bastola alikuja kuwa mzee aliyeitafuta kwa kifungu cha sheria, faini ya shilingi kumi, na hakimu aliyeketi.

Nyumbani hakuwa na bahati. Mkewe wa kwanza alimwacha akaenda na mwanamume mwingine, na Martin akamshitaki mwanamume huyo akapewa fidia ya pauni elfu kumi, fedha nyingi sana kwa zama zile. Yasimuliwa kwamba hakutaka hata senti ya fedha hizo iingie nyumbani mwake, akazitupa kwa maskini kupitia dirisha la gari lake la farasi njia nzima toka London mpaka Galway. Haya ni masimulizi, na masimulizi ya Ayalandi yana chumvi kama yetu. Lakini wadai wake walikuwako na walisikitika.

Aliingia katika Bunge la Ayalandi mwaka 1776. Mwaka 1801, nchi hizo zilipounganishwa, akawa mjumbe wa Galway katika Bunge la London. Huko alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kuchekesha. La pili ni kwamba mambo aliyoyatetea hayakuwa ya kuchekesha kamwe. Alitaka watu wasinyongwe kwa kosa la kughushi hati. Alitaka mshitakiwa wa kesi ya kifo apewe wakili wa kumtetea, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati ule haikumpa kwa ukamilifu. Na alitaka wanyama wa kazi wawe na mahali pa kupelekewa kilio chao.

London ya zama hizo ilikwenda kwa miguu ya farasi. Makaa ya mawe, pombe, nyama, abiria, barua, vyote vilivutwa na farasi, na wachuuzi wa matunda na mboga walitumia punda. Farasi akizeeka hushushwa daraja: kutoka gari la bwana hadi gari la kukodi, kutoka hapo hadi mkokoteni wa taka, na mwisho kwa wachinjaji waliomweka siku kadha bila chakula wakingoja zamu yake. Katika soko la Smithfield ng'ombe na kondoo waliendeshwa kwa fimbo zenye misumari. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao.

Wengine walikwisha kujaribu kabla yake. Mwaka 1800, na tena 1802, miswada ya kukataza mchezo wa kumfunga fahali na kumwachia mbwa ilikataliwa. Mwaka 1809 Lord Erskine, mwanasheria mkubwa, alipitisha mswada wake katika Baraza la Malodi, ukafa katika baraza la wajumbe waliochaguliwa. Mwaka 1821 Martin alileta wake. Ulikuwa juu ya farasi, na mjumbe mmoja akapendekeza kwamba punda nao watiwe. Hapo baraza zima likaangua kicheko. Farasi ni kitu cha mabwana, lakini punda! Wakasema kesho itakuwa zamu ya mbwa, na kesho kutwa paka. Mswada ukapita kwa wajumbe, ukazama kwa Malodi.

Martin hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata aliuleta tena, Erskine akaushika mkono kwa Malodi, na tarehe 22 Julai 1822 ukawa sheria. Na punda alikuwamo. Walitajwa farasi, nyumbu, punda, ng'ombe, kondoo na mifugo mingine. Ambaye angewapiga au kuwatesa bila huruma angeweza kushitakiwa mbele ya hakimu, na faini yake ingekuwa si chini ya shilingi kumi wala si zaidi ya pauni tano. Akishindwa kulipa, jela, muda usiozidi miezi mitatu. Mshitaki alitakiwa apeleke lalamiko kabla siku kumi hazijapita, na akileta lalamiko la uongo na la kuudhi, yeye mwenyewe alipishwe.

Msomaji aone hapo kipawa cha wakili. Sheria hiyo haikusema kwamba mwenye punda pekee ndiye awezaye kulalamika, kwani aghalabu mwenye punda ndiye mpigaji. Mtu yeyote aliyeona angeweza kwenda kwa hakimu. Kwa mara ya kwanza katika sheria ya nchi ile, donda la mnyama halikuwa hasara ya mali ya bwana wake, bali kosa, hata kama aliyelifanya ni bwana mwenyewe.

Mwaka huo wa 1822 si mgeni kwetu. Ndio mwaka ambao Sayyid Said bin Sultan alitia sahihi mkataba na Kapteni Moresby kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo, na Mazrui walikuwa bado wameishika Mombasa mkononi. Wengi wa mabwana waliomsaidia Martin ndio waliokuwa wakipigana na biashara ya watumwa.

Sheria ikishaandikwa, nani aitie nguvu? London haikuwa na polisi wa kisasa wakati ule. Martin akajibu kwa kwenda mwenyewe. Mjumbe wa Bunge, mtu wa karibu miaka sabini, alitembea Smithfield na katika vituo vya magari ya kukodi, akawakamata wakosaji kwa mkono wake, akawapeleka kwa mahakimu. Mahakimu walimchoka. Magazeti yakamchora ana masikio ya punda.

Katika kesi za mwanzo mwanzo ilikuwako ya mchuuzi mmoja wa matunda aitwaye Bill Burns, aliyeshitakiwa kwa kumpiga punda wake. Mahakama haikuonyesha kujali. Maneno ya mashahidi yalipita kama upepo. Ndipo Martin akaamrisha punda aingizwe ndani. Akaingia, na majeraha yake, mbele ya hakimu. Watu wakacheka, bila shaka, lakini macho hayakuwa na pa kukimbilia. Burns alihukumiwa faini, na mji wote ukaiongea habari hiyo. Ikachorwa picha, ikaimbwa katika nyimbo za mitaani. Mtaona kwamba hakuna ujanja wowote hapo. Alileta ushahidi. Ila ushahidi huo ulikuwa na miguu minne, na kabla ya siku ile hakuna aliyefikiri kwamba waweza kuhesabiwa.

Wasimulizi wanaongeza kwamba alipoona mkosaji ni fukara, hakuchelea kumsaidia kulipa faini kutoka mfukoni mwake, mfuko ambao tayari ulikuwa wa wadai. Alitaka hukumu itolewe, si mtu aangamie. Na hapa pana neno ambalo wapinzani wake walilisema kwa haki. Sheria ile ilimkamata mchuuzi na hamali, haikumgusa bwana mkubwa aliyewakimbiza mbweha kwa makundi ya mbwa. Aidha, watoto wa maskini walikuwa wakifanya kazi viwandani saa nyingi kupita kiasi, na ilikuwa mpaka mwaka 1833 ndipo wakaguzi wa serikali walipowekwa kuwaangalia. Farasi alitangulia miaka kumi na mmoja. Ni neno zito, nami sioni kwamba limejibiwa. Ila kosa la kuchelewa ni la waliochelewa kwa watoto, si la aliyewahi kwa punda.

Tarehe 16 Juni 1824, mwaka ule ule Kapteni Owen alipopandisha bendera ya Kiingereza Mombasa, watu 22 walikutana katika mkahawa mmoja wa London, wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Martin alikuwako, lakini mwanzilishi hasa ni kasisi Arthur Broome. Walikuwamo Wilberforce na Buxton, wapinzani wa utumwa, na Lewis Gompertz, Myahudi ambaye hakukubali kupanda gari livutwalo na farasi. Chama kiliajiri wakaguzi wa kuzunguka sokoni. Kisha fedha zikaisha, na Broome akafungwa jela kwa madeni ya chama. Martin na Gompertz wakahangaika kumtoa. Gompertz naye alikiongoza chama mpaka 1832, kilipojitangaza kuwa ni cha Wakristo tu, naye akaondoka. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikipa chama hicho jina la kifalme.

Huenda msomaji wetu anakereka, akasema: mbona twasifu Ulaya kwa jambo tulilokuwa nalo? Ana haki. Miaka mia saba na zaidi kabla ya Martin, Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika juu ya kazi za muhtasibu, msimamizi wa masoko, na mojawapo ni kuwashika wenye wanyama wasiowalisha na wanaowatumikisha kupita uwezo wao. Sheikh Izzuddin ibn Abdisalaam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alihesabu haki za mnyama juu ya binadamu, na ya mbele katika hizo ni kulishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kisichokuwa kigeni kwa wanafunzi wa Lamu na Zanzibar, mlango wa matumizi unakwisha kwa wanyama: mwenye mnyama akikataa kumlisha, hulazimishwa. Kama mnyama ni wa kuliwa, achague kulisha, kuuza au kuchinja. Kama si wa kuliwa, na punda ndiye huyo, njia ni mbili tu, kulisha au kuuza.

Kulazimishwa huko ni kwa kadhi, si kwa mawaidha. Ila katika Kenya ya leo mahakama ya kadhi imewekewa mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kesi ya punda haimfikii. Humfikia hakimu, kwa sheria iliyokuja kwa njia ya London.

Ilivyofika Thika ni hivi. Walowezi walipochukua nchi ile mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakapanda kahawa Ruiru na katani Thika, mizigo ilikwenda kwa maksai, nyumbu na farasi, kwani reli ya Thika haikufika mpaka mwaka 1913. Farasi waliletwa kwa gharama kubwa na wakafa kwa wingi kwa ugonjwa uletwao na visubi, punda aliuhimili. Kati ya Ruiru na Thika ndipo lilipokuwa shamba la Juja la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, aliyemkaribisha Rais wa zamani Theodore Roosevelt mwaka 1909. Mwaka uliofuata, 1910, kikaundwa chama cha kuwalinda wanyama katika nchi hii, mtoto wa kile cha mkahawa wa London. Hakikosi mwenye kukumbusha kwamba miaka minne baadaye serikali ile ile iliwakusanya wapagazi wa Kariakoo kwenda vitani, wakafa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na mizigo. Neno la wapinzani wa Martin lilivuka bahari pamoja na sheria yake.

Sheria ya sasa ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ni ya mwanzo wa miaka ya 1960, nayo ni pana kuliko ya 1822. Kupiga, kupakia kupita kiasi, kumfanyisha kazi mnyama aliye mgonjwa au mwenye jeraha, kumnyima chakula na maji, kumtupa, yote ni makosa. Adhabu iliyoandikwa humo kwa miaka mingi ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wakati ikitungwa zilikuwa fedha za kutisha. Siku hizi ni chini mno ya bei ya punda mwenyewe, na ambaye amemwua punda kwa mzigo amekwisha kupata hasara kubwa kuliko ambayo hakimu ataweza kumtoza. Katiba ya 2010 nayo ilizipa kaunti kazi ya kuangalia hali ya wanyama, kwa hiyo mzigo wa Thika na Ruiru uko pia juu ya Kiambu.

Mahakama zipo, Thika ipo na Ruiru ipo. Linalokosekana ni Martin, mtu wa kuacha shughuli zake akasimama kushuhudia. Jirani haoni haya kumwita polisi kwa mwizi wa kuku, lakini kwa punda aliyeanguka chini ya madumu husema, afe punda mzigo wa bwana ufike. Na mwenye mkokoteni huenda akawa amekodi punda kwa siku; apate hesabu ya tajiri kwanza, ndipo apate ya tumbo lake. Ukimshitaki huyo na kumwacha tajiri, umekamata mkia.

Jambo moja limewagutusha watu. Toka mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda, yakafika manne katika nchi nzima, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa. Katika muda usiofika miaka mitatu punda zaidi ya 300,000 walichinjwa, katika nchi ambayo hesabu ya 2009 iliona wapatao milioni 1.8. Wizi ukaenea, mtu alilala na punda akaamka na kamba. Wenye punda, wale wale walioambiwa hawana huruma, wakaandamana na kulia. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Nyama ya punda kwetu ni haramu, na ngozi yake ikavuka bahari. Aliyebaki na mkokoteni mtupu ni mchota maji.

Tumemwacha Bwana Martin London. Turudi kwake, maana mwisho wake haukuwa mwema.

Kila mwaka baada ya 1822 alirudi bungeni na mswada mwingine, wa mbwa, wa dubu wa kuchezeshwa, wa fahali, na kila mwaka ukakataliwa. Mfalme George wa Nne, rafiki yake, ndiye anayesemekana kumpa jina la utani lililomfuta lile la bastola, jina la mtu wa utu. Katika uchaguzi wa 1826 alishinda kwa kura chache, mpinzani akapeleka malalamiko kwamba palitumika vitisho na kura za hila, na mwaka 1827 akavuliwa ujumbe. Mjumbe wa Bunge alikuwa hakamatwi kwa deni; mtu wa kawaida alikuwa akikamatwa. Yeye aliyewaburura wengine mbele ya mahakimu kwa miaka mitano akawa hana budi kuwakimbia. Akavuka bahari usoni mwa uzee, akakaa Boulogne, pwani ya Ufaransa, na hapo akafa tarehe 6 Januari 1834.

Ballynahinch haikukaa sana na watoto wake. Njaa kuu ya viazi ilipoingia Ayalandi, mwanawe Thomas alikufa mwaka 1847 kwa homa aliyoipata akiwazuru wapangaji wake katika nyumba ya maskini. Mjukuu wake, Mary Letitia, mwandishi wa riwaya, alirithi ekari zote na madeni yote, mashamba yakachukuliwa na kampuni ya bima, naye akafa New York mwaka 1850, baada ya kujifungua safarini.

Mwaka 1835, mwaka mmoja na miezi baada ya mzee kuzikwa, mjumbe mwingine, Joseph Pease, alileta mswada wa kuipanua sheria ya 1822. Safari hii haukuchekwa. Fahali akaingia, dubu akaingia, na mbwa naye, miaka zaidi ya hamsini tangu yule wa Westport kupigwa risasi.